Saa Nane: Mjadala wa Kuwapima Madaktari Wanavyozungumza na Wagonjwa

Mtihani wa leseni ya udaktari upo ili mwananchi awe na uhakika kwamba mtu anayeitwa daktari anaweza kuachwa peke yake na mgonjwa. Kwa miaka mingi uhakika huo ulitafutwa kwa karatasi na kalamu, na kwa mtahini aliyesimama kando ya kitanda akiuliza sababu za ini kuvimba. Mazungumzo yenyewe, yaani kumsikiliza mgonjwa, kumuuliza, kumweleza ugonjwa wake na kumwagiza dawa, yalihesabiwa kuwa tabia njema ambayo mtu huja nayo kutoka kwao. Kinachobishaniwa sasa ni kama mazungumzo hayo yapewe alama, na kama anayeshindwa azuiliwe leseni.

Tanzania Bara, mwanafunzi wa udaktari husoma miaka 5, akafanya utarajali wa mwaka 1 katika hospitali iliyoidhinishwa, ndipo akaomba usajili kamili kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017 ya madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Masomo yote hayo ni kwa Kiingereza, na wagonjwa wanaomngoja hawakisemi. Pengo hilo huonekana waziwazi katika nyanda za juu za Kigoma. Kibondo na Kasulu ni nchi ya Waha, na wazee wengi huko wakiugua huugua kwa Kiha. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena Oktoba 2015 kupokea Warundi waliokimbia machafuko ya mwaka huo. Mwaka 2017 wakazi wake walipita 100,000, na lugha yao ni Kirundi. Nyarugusu, wilayani Kasulu, imepokea Wakongo tangu 1996. Wengi wao wanajua Kiswahili, ila ni Kiswahili cha kwao, ambamo daktari wa hospitali ni munganga. Kwa Mtanzania, mganga anaweza kuwa wa kienyeji na anaweza kuwa Mganga Mkuu wa Mkoa, na msikilizaji ndiye anayebaki kuamua ni yupi. Daktari kijana aliyetoka Dar es Salaam au Moshi akipangiwa kazi huko hukuta kwamba neno la kwanza atakalosema tayari lina maana mbili.

Sauti zinazosikika katika mjadala huu ni tano: mtahini, daktari wa wilaya, muuguzi, mkalimani na mgonjwa. Zinatajwa kwa kazi zao kwa sababu hoja zao ni za nafasi wanazozishika, na yeyote atakayekaa katika nafasi hiyo ataiona hoja ileile.

Mtahini ndiye anayefungua, na anaanza na historia. Mwaka 1963 huko California, Howard Barrows alimfundisha mtu mwenye afya kuigiza mgonjwa mbele ya wanafunzi, akieleza maumivu yaleyale kwa maneno yaleyale kwa kila aliyeingia. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, walichapisha mtihani wa vituo, ambao wanafunzi wa Tanzania wanaujua kwa jina la OSCE: mtahiniwa huzunguka kutoka kituo hadi kituo, kengele ikilia anahama, na kila kituo kina kazi moja na karatasi moja ya alama. Kabla ya hapo, mmoja alipewa mgonjwa mpole na mwenzake akapewa mgonjwa mkali, na wote wawili wakalinganishwa kana kwamba wamepimwa kwa kipimo kimoja. Mgonjwa wa kuigiza aliondoa dhuluma hiyo. Leo Uingereza, daktari aliyesoma nchi nyingine hupita mtihani wa aina hii, na wanaohitimu vyuo vya hukohuko kuanzia mwaka wa masomo wa 2024/25 wanatakiwa kuwa wamefaulu mtihani wa leseni wenye sehemu ya vitendo. Kwa mtahini, kufundisha mawasiliano bila kuyapima ni kumwambia mwanafunzi kwamba hayana uzito, kwa kuwa mwanafunzi husoma kinachotoka kwenye mtihani.

Daktari wa wilaya anajibu kwa mfano wa Marekani. Kuanzia 2004, kila aliyetaka leseni huko alilazimika kufanya mtihani wa vitendo wenye wagonjwa wa kuigiza 12, dakika 15 kwa kila mmoja, katika miji mitano tu ya nchi nzima. Ada ilifika karibu dola 1,300, bila nauli wala malazi. Waliosoma katika vyuo vya Marekani walifaulu zaidi ya 95 katika kila 100, hivyo fedha nyingi zilitumika kuwakamata wachache. Korona ilipoingia Machi 2020 mtihani ulisimamishwa, na Januari 2021 ukafutwa kabisa. Kanada nayo ilifuta wake mwaka huohuo. Anauliza: kama nchi tajiri kuliko zote imeshindwa kuubeba mzigo huo, Tanzania itaubeba kwa mgongo upi? Mtahiniwa wa Kigoma atasafirishwa hadi Dar es Salaam kwenda kuongea na mtu anayejifanya ana homa, huku wodi aliyoiacha imejaa watu wenye homa ya kweli.

Hoja ya gharama ni nzito na haijibiki kwa matumaini. Mtahini hajaribu kuipuuza. Anachokataa ni kwamba kufutwa kwa mtihani kulithibitisha kuwa haukupima kitu, na ushahidi wake unatoka Kanada hiyohiyo. Watafiti waliwafuatilia madaktari 3,424 waliofanya mtihani wa vitendo kati ya 1993 na 1996, kisha wakapata leseni katika majimbo ya Ontario na Quebec. Hadi 2005 malalamiko 1,116 yalikuwa yamefikishwa kwenye mamlaka za udaktari. Matokeo, yaliyochapishwa 2007, yalionyesha kwamba waliopata alama za chini katika mawasiliano ndio waliolalamikiwa zaidi baadaye, wakiwa kazini. Dakika chache ndani ya chumba cha mtihani zilitangulia kusema jambo ambalo wagonjwa wangekuja kulisema baadaye.

Daktari wa wilaya harudi nyuma. Anasema alama hizo hupima uigizaji. Mtahiniwa mjanja hukariri: salimia, jitambulishe, mtazame mgonjwa usoni, sema pole, uliza kama ameelewa. Karatasi ya alama inajaa tiki, na daktari aliyezoea kuwakaripia akina mama wodini anafaulu kwa upole wa dakika nane.

Hapo mjadala unafika mahali pake penye utajiri, na inafaa kukiangalia kituo kimoja kwa karibu. Mtoto wa kilo 11 amepimwa, ana malaria isiyo kali. Ameletwa na bibi yake. Atapewa dawa mseto, ile ya artemether na lumefantrine, ambayo imekuwa tiba ya kwanza Tanzania Bara tangu mwishoni mwa 2006. Kwa uzito wake ni kidonge 1 kila mara, mara 6 kwa siku 3: cha kwanza palepale, cha pili zikipita saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, kila mara akiwa amekula, hata kama ni uji wenye maziwa. Mtahiniwa yeyote anayajua hayo. Kazi ya kituo ni kumwelekeza bibi.

Mtahiniwa wa kwanza anaingia, anasalimia vizuri, anajitambulisha, anatoa pole. Kisha anasema: “Hii ataanza moja sasa hivi, nyingine baada ya saa nane, halafu kutwa mara mbili mpaka iishe. Umeelewa, bibi?” Bibi anajibu, “Nimeelewa, daktari.” Tiki zote zimepatikana. Saa hizo ni saa nne asubuhi. Daktari, ambaye kichwani anahesabu kwa Kiingereza, amekusudia saa kumi na mbili jioni. Bibi amesikia saa nane, yaani mchana huohuo, na “baada ya saa nane” kwake ni saa nane ikishapita. Mtoto atapewa kidonge cha pili baada ya saa nne tu, na hakuna mtu ndani ya chumba hicho aliyekosea Kiswahili.

Mtahiniwa wa pili anavuta stuli na kukaa.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu.”

“Mjukuu ana malaria, lakini tumemuwahi. Kidonge cha kwanza anameza hapahapa, tukimwona. Cha pili ni leo jioni, watu wakianza kuwasha moto wa chakula cha usiku, kabla jua halijazama. Kesho kimoja asubuhi, kimoja jioni. Kesho kutwa vivyo hivyo. Sasa bibi, ukifika nyumbani utamweleza mama yake vipi?”

“Nitamwambia kimoja amekunywa hospitali, kingine leo jioni. Kesho viwili, kesho kutwa viwili.” Bibi ananyamaza kidogo. “Na akiamka kesho anacheza, vile vinavyobaki nimwekee mdogo wake?”

Swali hilo la mwisho lina thamani kuliko tiki zote za mtahiniwa wa kwanza. Lisingetoka kama bibi angeulizwa “umeelewa?”, kwa kuwa jibu la swali hilo mbele ya mkubwa, au mbele ya koti jeupe, ni moja tu. Limetoka kwa sababu alipewa nafasi ya kusimulia kwa maneno yake. Mtahiniwa sasa anaweza kueleza kwamba homa hushuka kabla vimelea havijaisha, na kwamba mdogo akiugua aletwe apimwe, apewe vya kwake.

Kwa hiyo pingamizi la daktari wa wilaya ni la kweli kwa karatasi mbaya ya alama. Karatasi inayohesabu adabu ya daktari hudanganyika kwa urahisi. Inayoandika kile ambacho bibi anaweza kukirudia haidanganyiki kirahisi, kwa kuwa daktari akikariri upole bila kueleza, bibi hatakuwa na cha kurudia. Tofauti hii ndiyo inayoamua kama mtihani una maana, na wengi wa pande zote mbili huipita haraka.

Muuguzi anaingilia kwa malalamiko ya haki. Anasema mjadala mzima unamhusu mtu ambaye mgonjwa wa Kibondo anaweza asimwone. Katika zahanati hukutana na tabibu au muuguzi. Maelezo ya dawa huyapata dirishani, foleni ikimsukuma. Utafiti wa hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, uliochapishwa 2009, ulikuta kwamba zaidi ya sehemu nne kwa tano za upasuaji mkubwa wa uzazi zilifanywa na madaktari wasaidizi, kada ambayo haikupitia shahada ya udaktari. Kupima mawasiliano ya daktari peke yake ni kuziba tundu moja la chujio. Zaidi ya hapo, katika hospitali za Kigoma muuguzi mzaliwa wa huko ndiye anayegeuka mkalimani, kwa kuwa Kiha na Kirundi husikilizana. Huitwa akiwa anafunga kidonda, anatafsiri, anarudi kwenye kidonda. Hakuna aliyemfundisha kazi hiyo na hakuna anayeihesabu.

Mtahini anakubali. Kipimo kikianzia kwa daktari ni kwa sababu yeye ndiye hupewa uongozi wa kituo cha afya na wengine huiga anavyosema. Ila kikiishia kwake kitakuwa kimefanya nusu ya kazi.

Sauti ya mkalimani haijazoeleka katika mijadala ya mitihani, na ilistahili kusikika mapema. Nduta, ambako shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliendesha hospitali baada ya kambi kufunguliwa tena, ushauri wa daktari mgeni uliweza kutoka kwa Kiingereza, ukapita kwenye Kiswahili cha mtumishi Mtanzania, ukamfikia mgonjwa kwa Kirundi. Mkalimani anaeleza yanayotokea njiani. Daktari hutoa maelezo marefu bila kupumua, naye anayafupisha kwa maneno matatu kwa kuwa matatu ndiyo aliyoyashika. Daktari humtazama mkalimani, na mgonjwa anaanza kujiona kama mzigo unaojadiliwa. Mgonjwa husema “ego”, ndiyo, kwa kila swali, na daktari anaandika kwamba amekubali. Zaidi ya hayo kuna siri. Mkalimani wa kambini mara nyingi ni mkimbizi mwenyewe, jirani wa mgonjwa, anayechota maji kwenye bomba lilelile. Mwanamke aliyebakwa akiletwa mbele ya daktari atapima kwanza uso wa mkalimani kabla ya kufungua mdomo, na akikuta ni mtu wa zoni yake anaweza kusema anaumwa kichwa.

Kufanya kazi na mkalimani ni ujuzi unaofundishika: kumwambia mgonjwa moja kwa moja, kusema sentensi fupi na kusubiri, kumuuliza mgonjwa faraghani kama yuko tayari kuzungumza mbele ya mtu huyu, kumtafutia mwingine akikataa. Ujuzi huo unapimika katika kituo kimoja chenye watu wawili wa kuigiza. Kwa nchi iliyopokea wakimbizi tangu miaka ya 1960 na yenye lugha za jamii zaidi ya 100, kituo hicho kinafaa kuwa cha lazima. Uingereza na Marekani haziwezi kuitungia Tanzania.

Mkalimani ndiye pia anayelifikisha suala la lugha ya mtihani wenyewe. Daktari anapopimwa Uingereza kwa Kiingereza, anapimwa kwa lugha ya mgonjwa wake. Kuichukua sura hiyo na kumpima daktari wa Kibondo kwa Kiingereza ni kuiga sura na kuacha kusudi. Daktari wa wilaya anasema istilahi za Kiswahili hazitoshi. Ni kweli kwa karatasi ya bayokemia. Kwa bibi mwenye mjukuu wa kilo 11 istilahi hazihitajiki. Yanahitajika maneno ambayo watu tayari wanayo, na kujua yanabeba nini. Mtahiniwa anayesikia “degedege” na kuandika harakaharaka kwamba ni kifafa au malaria ya kichwani, bila kuuliza familia inaamini limesababishwa na nini, anaweza kumpoteza mtoto kwa mganga wa kienyeji jioni hiyohiyo. “Kichomi” kwa mmoja ni nimonia, kwa mwingine ni mchomo wowote wa ubavuni. Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za Tanzania, ili mwenye shauri ayafuate maneno yanayoamua hatima yake. Mwenye ugonjwa hana haki ndogo kuliko mwenye shauri.

Mgonjwa anazungumza mwisho, kama ilivyo kawaida, na anayosema yanabadilisha hesabu. Wapo wanaopendekeza kuachana na mtihani na badala yake kuwauliza wagonjwa wanapotoka: daktari alikuhudumiaje? Njia hiyo ni rahisi na inaonekana ya heshima. Lakini utafiti uliofanywa katika vituo 8 vya tiba vya mkoa wa Tanga na kuchapishwa 2014 uliwauliza akina mama waliojifungua kama walitendewa vibaya au kuvunjiwa heshima. Walipoulizwa wakiwa wanatoka kituoni, waliosema ndiyo walikuwa asilimia 19. Baadhi yao walipofuatwa nyumbani wiki chache baadaye na kuulizwa tena, ilikuwa asilimia 28. Mtu akiwa bado ndani ya geti, akijua atarudi hapohapo na mtoto kwa chanjo, hujibu kwa tahadhari. Mkimbizi, ambaye hana hospitali nyingine ya kukimbilia, ana sababu zaidi ya kunyamaza.

Mgonjwa wa kuigiza haogopi kurudi. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, na ndiyo inayofanya mtihani uwe na kitu ambacho sanduku la maoni haliwezi kukipata. Lakini sharti awe mtu anayefanana na wagonjwa wa kweli. Akiigiza mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyevaa kitenge, atamwelewa daktari hata daktari akieleza ovyo, kwa kuwa tayari anajua dawa hiyo inamezwaje. Waigizaji watoke sokoni, kanisani, msikitini, katika vikundi vya akina mama, wafunzwe na walipwe posho, na kati ya mambo wanayoandika liwemo hili: nikifika nyumbani, nitafanya nini?

Linabaki suala la mzigo, ambalo daktari wa wilaya hakuliachia, na alikuwa sahihi. Mtihani wa siku moja Dar es Salaam hauna sababu. Utarajali tayari ni mwaka mzima ndani ya hospitali zinazotambuliwa na Baraza, na vituo vichache vinaweza kufanyika hukohuko, mara mbili katika mwaka, ya kwanza kwa mafunzo na ya pili kwa leseni, mtahini mmoja akitoka hospitali nyingine ili asiwe bosi wa mtahiniwa. Baraza litunge visa na kuvibadilisha. Kigoma itumie bibi wa Kibondo na mkalimani wa Kirundi. Zanzibar, yenye baraza lake, itatumia wa kwake.

Kuhusu anayeshindwa, mtahini na daktari wa wilaya wanakutana bila kukusudia. Mtahini angemzuilia leseni. Daktari wa wilaya anahofia kupoteza daktari mmoja katika wilaya yenye wachache. Kumrudisha wodini kwa miezi mitatu, akae kando ya muuguzi mzoefu anapotoa maelekezo, kisha apimwe tena kwa kisa kingine, kunampa kila upande sehemu ya haki yake. Wakati huo anaendelea kutibu chini ya usimamizi, kama alivyokuwa akifanya. Akishindwa mara ya pili aongezewe tena. Katika kituo cha dawa mseto, mtahini hatafuti kumsikia mtahiniwa akisema saa ngapi. Anamsubiri bibi aseme.